Pita Barabara ya Nyuma

Mara ya kwanza hakunifungulia hata geti.
Mara ya pili alinipa maji, akaniuliza ukoo.
Mara ya tatu alivuta turubai mpaka kwenye taa za mbele,
akalirudisha,
kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Pijo 404, rangi ya maziwa yaliyolala,
namba za zamani, nyeupe juu ya bati jeusi,
gia kwenye usukani.
Vumbi la Mpwapwa huingia popote:
kwenye uji, kwenye Biblia, kwenye kifua cha mtu.
Ndani ya gari la Bwana Mifugo Chidosa
halikuwahi kukaribishwa.

"Walikuja wa Dar," alisema, "na bahasha nene.
Wanataka la kupigia picha maharusi.
Nikawauliza, asubuhi ya Julai choki inavutwa kiasi gani?
Wakacheka."
Mimi sikucheka. Sikujua pia.
"Vidole viwili," akasema.
"Kidole cha tatu ni cha mwenye haraka,
na mwenye haraka anunue pikipiki."

Mara ya saba alitoa daftari.
Kila galoni imo, kwa wino uliosimama wima:
*Chanjo ya sotoka, Rudi. Galoni nne.*
*Springi ya nyuma, kulia. Korongo la Kibakwe.*
*Mtamba wa Mbande, usiku. Ndama hai.*
Na ukurasa mmoja wenye mstari mmoja:
*Jumapili, saa tisa. Ni marufuku kuendesha. Nimeendesha. Merina.*
Aliufungua mwenyewe, akaufunga mwenyewe.

Bei hatukubishana.
Alitaja, nikanyamaza, akapunguza:
"Hiyo ni ya betri. Ibadilishe kabla ya mvua."
Kisha akaingia upande wa kushoto,
akavua kitambaa cha kiti, kilichofumwa kwa mkono,
akakikunja mara nne.
"Hiki hakimo kwenye bei."

Sharti lilikuwa moja.
"Usipite hapa mbele. Pita barabara ya nyuma.
Mimi jioni nakaa kibarazani.
Nikilisikia nitasimama,
na magoti haya yana kazi nyingine."

Nikaondoka alfajiri, kwa nyuma, kama mwizi mwenye risiti.

Kongwa, mchungaji wa ng'ombe akainua fimbo.
Fundi baiskeli akainua spana.
Wazee wawili kwenye benchi: "Mbukwenyi!"
Nikapiga honi. Nikapunga mkono.
Kilomita hamsini nilitembea ndani ya heshima ya mtu mwingine
na, nisiseme uongo, ilinienea.

Mbande, mama mmoja alisimama katikati ya njia,
mfuko wa karanga kifuani,
uso wote umefunguka.
Akaja dirishani. Akaniona.
"Amekufa?"
"Hapana, mama. Ameniuzia."
Alinitazama kama nimesema jambo baya zaidi.

Akazunguka, akaziweka karanga kwenye kiti cha kushoto.
"Mpelekee.
Mwambie yule mtamba alizaa mara tisa."

Dodoma ilikuwa mbele yangu, na lami nzuri,
na shemeji zangu wa Makole wakinisubiri waone nilichonunua.
Nikakata kona.

Jioni nilizima injini mbali, nyuma ya mashine ya kusaga,
nikaja kwa miguu, nikikanyaga polepole,
mfuko kwapani.
Alikuwa amesimama tayari.

Nikampa karanga. Nikamwambia habari za mtamba.
Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, mpaka tisa,
akavunja ganda moja, akatafuna,
akatazama upande wa mashine, mahali pasipoonekana kitu.

"Asubuhi ulivuta vidole vitatu," akasema.
"Nilisikia."